Tramu Namba 86: Kumfuata Mchungaji Doug Nicholls Kutoka Melbourne Hadi Mto Murray

Mgeni akifika Melbourne hupelekwa kwanza kwenye yale yanayojulikana: uwanja wa kriketi wa MCG unaoingiza watu laki moja, kingo za mto Yarra, na masoko yenye harufu ya kahawa na jibini. Yote ni mazuri. Lakini kwa mtu mwenye siku moja tu ya kuuelewa mji huu ushauri wangu ni mmoja. Aende mtaa wa Bourke, asubiri tramu namba 86, na akae upande wa dirishani.

Tramu hiyo hupanda mpaka mbele ya jengo la Bunge la Victoria, ikaambaa na bustani ya Carlton, ikaingia mtaa wa Gertrude katika kitongoji cha Fitzroy, ikashika mtaa wa Smith, kisha ikaelekea kaskazini kupitia Northcote na Thornbury. Ni njia ya kawaida ya watu wanaokwenda kazini na shuleni. Hata hivyo, ni vigumu kuipita bila kukanyaga nyayo za mtu mmoja aliyekuwa mfupi wa sentimita 158, mwenye mbio za kutisha, ambaye alianza kama mchezaji wa mpira, akawa mchungaji, na akaishia kuwa gavana wa jimbo. Jina lake ni Doug Nicholls, Mwaborijini wa watu wa Yorta Yorta.

Shuka kwanza hapo Bungeni. Upande wa pili kuna bustani ndogo, na ndani yake sanamu ya shaba ya watu wawili: Sir Doug na mkewe, Lady Gladys. Ilizinduliwa mwaka 2006. Nimeona sanamu nyingi za viongozi katika miji mingi, na karibu zote humsimamisha mwanamume peke yake, mkewe akiachwa kwenye vitabu. Hapa wamewekwa pamoja, na ndivyo ilivyostahili. Doug alihubiri na kuhutubia. Gladys ndiye aliyewatafutia vitanda, nguo na chakula wasichana wa Kiaborijini waliofika mjini bila ndugu, na hosteli yao ikafunguliwa Northcote katika miaka ya 1950 kwa jitihada zake. Anayetaka kujua kanisa la Nicholls lilisimama juu ya nini aanze kwa kumtazama mama huyu.

Vuka barabara uingie bustani ya Carlton. Katikati yake limesimama Jumba la Maonyesho la Kifalme, lenye kuba kubwa, ambalo UNESCO ililiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2004. Ndani ya jumba hilo, tarehe 9 Mei 1901, lilifunguliwa Bunge la kwanza la Shirikisho la Australia. Katiba iliyozaa Bunge hilo ilisema kwamba wenyeji asilia wasihesabiwe katika idadi ya watu wa nchi.

Hatua chache kutoka hapo, kwenye kona inayotazama mtaa wa Gertrude, kuna mti mkubwa wa jamii ya mkuyu. Mizizi yake imetokeza juu ya ardhi, mirefu na myembamba mgongoni, kiasi kwamba mtoto anaweza kujificha kati ya mzizi na mzizi. Kivuli chake ni kizito hata saa sita mchana. Kwa miaka mingi watu wa Kiaborijini wa Fitzroy walikutana chini yake, na Doug Nicholls ni mmoja wa waliosimama hapo kuhutubia. Ukikaa kivulini unaliona lile jumba vizuri. Waliotengwa na katiba walidai haki yao kwa sauti ya mdomo tu, mahali ambapo jengo ilimoanzia nchi hiyo liko mbele ya macho yao. Hakuna kona ya Melbourne ninayoiheshimu kuliko hii.

Tuingie sasa Fitzroy yenyewe. Leo ni kitongoji cha migahawa, maduka ya vitabu na kuta zilizochorwa rangi, na nyumba zake ndogo za matofali huuzwa kwa bei isiyoshikika. Katika miaka ya 1930 na 1940 ilikuwa tofauti kabisa. Palikuwa mahali pa maskini, pa nyumba zilizobanana na kodi nafuu, pa viwanda vya viatu na kile kiwanda kikubwa cha peremende cha MacRobertson ambacho majengo yake yote yalipakwa rangi nyeupe. Waaborijini waliokimbia njaa na amri za vituo vya serikali walimowekwa walikuja hapa kwa sababu ile ile inayowaleta watu Manzese au Kibera: kuna kibarua, kuna chumba unachoweza kukilipia, na kuna jamaa waliotangulia.

Mtaa wa Gore unakatiza Gertrude karibu na mwisho wake. Ni mtaa mtulivu wenye miti. Hapa ndipo lilipofunguliwa mwaka 1943 kanisa la Waaborijini chini ya madhehebu ya Makanisa ya Kristo, na mchungaji wake alikuwa Doug Nicholls. Namna alivyolifikia inaeleza mengi. Mwaka 1941 aliitwa jeshini. Mwaka uliofuata polisi wa Fitzroy wenyewe waliomba aachiliwe arudi, kwa kuwa watu wake walikuwa katika shida na ulevi, na hakuna mwingine waliyemsikiliza. Akarudi, akaanza kuhubiri, kuzika, kuwatembelea wafungwa, kwenda mahakamani na vijana, kuwatafutia watu kazi. Jumapili kanisa lilijaa nyimbo, na siku nyingine mlango ulibishwa na mwenye njaa. Huo ndio uchungaji ambao sisi Waafrika Mashariki tunaujua vizuri, wa mtu anayeitwa usiku na akaamka.

Mbegu aliyoipanda iliendelea kuota mtaani humo. Mwaka 1973 jamii ya Waaborijini ilianzisha huduma yake yenyewe ya afya kwenye mtaa wa Gertrude, ikiendeshwa na wao kwa ajili yao. Na ukiinua macho kidogo kutoka hapo utayaona maghorofa marefu ya nyumba za serikali ya Atherton Gardens, ambako siku hizi hukaa pia familia zilizotoka Vietnam na Pembe ya Afrika. Fitzroy imekuwa ghali, lakini bado ina nafasi kwa aliyefika bila kitu, na mtaa wenye sifa hiyo unastahili kusifiwa kabla ya migahawa yake.

Panda tena tramu mpaka mwisho wa mtaa wa Smith, kisha utembee kidogo hadi bustani za Edinburgh. Hapo kuna uwanja wa Brunswick Street, na jukwaa lake la mbao lililojengwa mwaka 1888 lingali limesimama. Klabu ya Fitzroy ilicheza hapa mpaka 1966, na mwaka 1996 iliunganishwa na klabu ya Brisbane. Siku za kawaida utakuta watu wamelala kwenye nyasi, mbwa wakikimbizana, vijana wakirushiana mpira wenye umbo la yai.

Kwa msomaji asiyeujua mchezo huu, maneno machache. Mpira wa Kiaustralia ulizaliwa Melbourne, na sheria zake za kwanza ziliandikwa mwaka 1859, miaka minne kabla ya zile za soka kuandikwa London. Huchezwa kwenye uwanja wa duara refu, watu 18 kila upande, hakuna kuotea. Kila mwisho wa uwanja kuna milingoti minne. Ukipiga mpira ukapita kati ya miwili ya katikati unapata pointi 6, ukipita pembeni yake unapata 1. Mpira hupigwa kwa mguu au kwa ngumi, na kinachowainua watu vitini ni mchezaji kuruka juu ya mabega ya wenzake na kuudaka hewani. Mtu wa sentimita 158 katika mchezo wa namna hiyo huonekana amepotea njia. Nicholls alicheza winga, na aliziba pengo la urefu kwa miguu. Mwaka 1929 alishinda mashindano mawili ya mbio za kulipwa, ya Nyah na ya Warracknabeal.

Kabla ya hapo, mwaka 1927, alikwenda kujaribiwa katika klabu ya Carlton. Alikataliwa kwa ajili ya rangi yake. Wachezaji walilalamika kwamba ananuka, na wachuaji hawakutaka kumgusa misuli. Akavuka akaenda Northcote, kwenye ligi ya pili kwa ukubwa, akacheza kwa miaka mitano na kutwaa nao ubingwa wa 1929. Mwaka 1932 Fitzroy ikamchukua.

Siku zake za mwanzo hapa uwanjani alikaa peke yake pembeni ya chumba cha kubadilishia nguo, akiwa na kumbukumbu ya Carlton. Aliyekwenda kukaa naye ni Haydn Bunton, nyota wa timu, mshindi wa medali ya Brownlow ya mchezaji bora na mwadilifu wa ligi katika miaka ya 1931, 1932 na 1935. Bunton alisogea, akakaa pale pembeni, na wengine wakaona. Hakikuhitajika kingine. Nicholls aliichezea Fitzroy mechi 54, na mwaka 1935 akawa Mwaborijini wa kwanza kuliwakilisha jimbo la Victoria.

Nilikaa kwenye lile jukwaa la mbao nikiwaza jinsi jambo dogo linavyoweza kugeuza maisha ya mtu. Klabu mbili hazikuwa mbali moja na nyingine. Moja ilimfukuza kijana, nyingine ikamwekea kiti. Ile iliyomwekea kiti haipo tena kwenye ligi kwa jina lake la zamani, lakini jina lake litatajwa kila atakapotajwa Nicholls.

Katika miaka hiyo ya 1930 Nicholls alibatizwa katika Kanisa la Kristo la Northcote, ambako tramu yetu inafika ikishavuka kijito cha Merri na kuupanda mlima wa mtaa wa High. Jumamosi alicheza, Jumapili alisimama madhabahuni, na watu waliokuja kumwona mwanamichezo walijikuta wanasikiliza Injili. Palikuwa na hesabu nzuri katika jambo hilo. Alijua kwamba mpira ulimfungulia milango iliyofungwa kwa wenzake, naye akaamua kutoingia peke yake. Mwaka 1957 alikuwa miongoni mwa waasisi wa Jumuiya ya Maendeleo ya Waaborijini ya Victoria, ambayo makao yake leo yako Thornbury, kituo kingine cha njia hii hii. Kutoka huko alizunguka nchi nzima akiwaandaa watu kwa ajili ya kura ya maoni ya tarehe 27 Mei 1967. Zaidi ya asilimia 90 ya wapiga kura walikubali kuyaondoa maneno ya katiba yaliyowatenga wenyeji asilia. Neno lililotamkwa chini ya mkuyu wa Carlton lilikuwa limefika nchi nzima.

Katika mahubiri yake alipenda mfano wa kinanda: weusi peke yao watatoa wimbo, weupe peke yao watatoa wimbo, lakini anayetaka upatanifu kamili hupiga vyote. Msomaji wa Afrika atautambua mara moja. Ni mfano uliovumishwa na Dk. James Aggrey wa Gold Coast, ambayo sasa ni Ghana, aliyefika Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja mwaka 1924 na tume ya elimu ya Phelps-Stokes. Nembo ya shule ya Achimota ina funguo hizo za kinanda mpaka leo. Wazo la Mwafrika lilivuka bahari likasemwa na mchungaji wa Kiaborijini huko Fitzroy, na likaeleweka.

Tramu huishia mjini. Nicholls alianzia mbali zaidi. Ili kupaona ni lazima kushika barabara ya kaskazini kwa takriban saa tatu mpaka mto Murray, ambao Wayorta Yorta huuita Dhungala, wenye urefu wa kilomita 2,508 na ndio mpaka kati ya Victoria na New South Wales. Njiani mashamba ya ng'ombe wa maziwa na miti ya matunda hukaa tambarare kabisa, na anga huonekana kubwa kuliko nchi. Kisha, ghafla, msitu.

Msitu wa Barmah ni msitu mkubwa kuliko yote duniani wa mkaratusi mwekundu wa mtoni, na tangu 2010 ni hifadhi ya taifa. Sisi tumezoea mikaratusi iliyopandwa kwa mistari kandokando ya barabara na mashamba ya chai. Hapa mkaratusi uko kwao. Shina moja laweza kuhitaji watu kadhaa kulikumbatia. Gamba hubanduka vipande vipande na kuacha madoa ya kijivu, maziwa na hudhurungi, na likiguswa ni baridi na laini kama ngozi. Miti hii huishi kwa mafuriko: Murray hubanwa hapa kwenye sehemu yake nyembamba kuliko zote, maji yakizidi humwagika msituni, na yakishuka huacha mbegu zilizoota.

Baadhi ya miti mikongwe ina kovu refu ubavuni, pana katikati na jembamba juu na chini. Hapo ndipo mababu wa Yorta Yorta walipobandua gamba zima kwa shoka la jiwe na kutengeneza mtumbwi. Mti haukufa. Kila mwaka gamba jipya limejikunja ndani kidogo kutoka kwenye kingo, na bado halijakutana katikati. Weka kiganja kwenye mkunjo huo, na utakuwa umegusa kazi ya mikono ya watu waliovua samaki hapa kabla Melbourne haijajengwa.

Ng'ambo ya mto, upande wa New South Wales, ndiko Cummeragunja. Kituo hiki cha serikali cha Waaborijini kilianza mwaka 1888, watu walipohama kutoka misheni ya jirani ya Maloga. Doug Nicholls alizaliwa hapa tarehe 9 Desemba 1906. Ni kijiji kidogo, lakini kwa watu kilichowatoa hakina mfano katika Australia nzima. William Cooper, mzee aliyewaongoza Waaborijini kudai uraia na ambaye mwaka 1938 aliandamana hadi ubalozi mdogo wa Ujerumani mjini Melbourne kupinga mateso ya Wayahudi, ni wa hapa. Mwimbaji Jimmy Little ni wa hapa. Mwalimu wao wa miaka mingi, Thomas Shadrach James, alitoka Mauritius, kisiwa cha bahari yetu hii ya Hindi. Yeye ndiye anayehusishwa na wimbo wa kanisa wa Kiyorta Yorta, Ngarra Burra Ferra, uliotokana na wimbo wa Wamarekani weusi baada ya kwaya ya Fisk Jubilee kuitembelea Maloga mwaka 1886. Unahusu Waisraeli na jeshi la Farao, na waliouimba walijua Farao wao ni nani.

Walikuwa na sababu ya kujua. Doug alikuwa na miaka 8 polisi walipokuja kumchukua dada yake Hilda, mwenye miaka 16, wakampeleka kwa nguvu kwenye chuo cha Cootamundra ambako wasichana wa Kiaborijini walifundishwa kuwa watumishi wa nyumbani. Alipofika miaka 13 alikuwa tayari kibarua kwenye mashamba ya kondoo, kazi yake ikiwa kukimbia na kopo la lami kila mkata manyoya alipomjeruhi mnyama, na kuipaka kwenye kidonda kabla nzi hawajatua. Na tarehe 4 Februari 1939, kwa kuchoshwa na mgao duni, magonjwa na ukali wa meneja, watu wapatao 200 walifungasha vitu vyao wakauvuka mto huu kwenda Victoria, ambako sheria ya bodi iliyowasimamia Waaborijini wa New South Wales haikuwafikia. Walipiga kambi kwenye kingo za Barmah, na wengi hawakurudi. Nicholls, akiwa Melbourne, alikuwa miongoni mwa waliowachangishia msaada.

Simama ukingoni utazame maji hayo ya rangi ya chai ya maziwa. Si mapana, mtu hodari wa kuogelea huyakata mara moja. Kwa familia zile, upana huo mdogo ulikuwa tofauti kati ya kuamriwa na kujiamulia.

Mtoto aliyezaliwa chini ya amri hizo alipewa cheo cha Sir mwaka 1972, Mwaborijini wa kwanza kukipata, na tarehe 1 Desemba 1976 aliapishwa kuwa Gavana wa South Australia, wa kwanza pia katika jimbo lolote. Maradhi yalimlazimu kuachia kiti hicho Aprili 1977. Alifariki tarehe 4 Juni 1988, akaagwa kwa mazishi ya kitaifa, kisha akarudishwa Cummeragunja. Amezikwa kijijini kwao, kama alivyozikwa mzee Cooper.

Kila mwaka ligi kuu ya mpira wa Kiaustralia hutenga raundi ya heshima kwa wachezaji wenyeji asilia, na tangu 2016 raundi hiyo inaitwa kwa jina la Sir Doug Nicholls. Mwaka 2018 jimbo la uchaguzi la eneo hilo la mto, lenye miji ya Shepparton na Echuca, lilipewa jina la Nicholls kwa heshima ya Doug na Gladys kwa pamoja. Hapo ndipo habari hii inapotugusa sisi moja kwa moja, kwa maana Shepparton ilianza kupokea familia za wakimbizi kutoka Kongo mwaka 2005, na Kiswahili sasa ni moja ya lugha za mji ule.

Kwa hiyo neno langu la mwisho ni kwenu mnaoishi huko na kwenu mtakaokwenda kusoma, kufanya kazi au kutembelea jamaa. Msiishie kwenye maghorofa na fukwe. Pandeni tramu namba 86 na watoto wenu, kaeni chini ya ule mkuyu, kisha mfike Barmah, mwingie Kituo cha Dharnya na kuwaacha Wayorta Yorta wenyewe wawaeleze msitu wao. Cummeragunja ni makazi ya watu na makaburi yao, hivyo msiingie bila kuomba ruhusa, kama ambavyo hamngeingia nyumbani kwa mtu bila hodi. Na siku mtakapopiga kura katika jimbo la Nicholls, waambieni watoto jina hilo ni la nani.